Gari la mbio la mtumba: bei ya kununua ni mwanzo tu wa hesabu

MANG'ULA, Kilombero. Kila mavuno ya mpunga yanapofika katika bonde la Kilombero, fedha nyingi hubadili mikono kwa muda mfupi. Malori hujipanga Mang'ula, Kiberege na Ifakara, madalali huzunguka mashineni, na wakulima wa miwa wa upande wa Msolwa na Ruembe nao husubiri malipo yao ya kiwandani. Katika kipindi hicho mfanyabiashara kijana aliyefunga msimu vizuri hujiuliza swali ambalo wengi wamejiuliza kabla yake: sasa ninunue gari gani?

Zamani jibu lilikuwa pikapu au Land Rover kuukuu, kwa sababu barabara ya Kidatu hadi Ifakara haikumwachia mtu nafasi ya kuchagua. Lami imebadili mawazo. Kijana anayeshinda akipitia matangazo ya magari ya mnada wa Japan hutazama Subaru Impreza WRX, Forester yenye turbo, Toyota Altezza, Mark II na Chaser zenye turbo, Mitsubishi Lancer Evolution na Nissan Skyline. Mwenye ndoto ndefu zaidi hutazama Porsche. Bei iliyoandikwa pale mara nyingi haimtishi mtu mwenye mtaji wa mchele.

Somo la wiki hii linahusu kile ambacho bei hiyo haisemi. Gari la mbio lililotumika ni mali inayoendelea kudai fedha baada ya kununuliwa, na mfanyabiashara asiyejua madai hayo yatakuja lini na kwa kiasi gani hujikuta analipa kwa mtaji wake wa biashara.

Kwa nini bei ni ndogo

Kanuni ya kwanza ya soko ni kwamba kitu kinapouzwa chini ya hadhi yake kuna sababu, na mnunuzi anapaswa kuijua kabla ya kutoa fedha.

Japan ina ukaguzi wa lazima wa magari. Gari jipya la binafsi hukaguliwa baada ya miaka mitatu, kisha kila baada ya miaka miwili. Ukaguzi huo huenda na ada, bima na matengenezo, hivyo mwenye gari lililozeeka mara nyingi huona afadhali alipeleke mnadani. Hiyo ndiyo asili ya magari mengi yanayoshuka bandari ya Dar es Salaam, na kwa gari la kawaida la familia sababu hiyo haina ubaya. Biashara hiyo ilipata nguvu hapa nchini baada ya mwaka 1984, serikali iliporuhusu watu kuingiza bidhaa kwa fedha za kigeni walizokuwa nazo wenyewe, na tangu hapo mafundi wamejifunza Corolla na Hilux mpaka wanaweza kuzifungua usiku wa giza.

Gari la mbio lina historia nyingine. Kwanza, wengi waliolimiliki walilinunua ili walikimbize. Pili, mengi yamebadilishwa: presha ya turbo imeongezwa, ekzosi imekatwa, springi zimefupishwa. Tatu, magari mazuri ya aina hiyo yana wanunuzi matajiri duniani. Marekani huruhusu gari la kigeni lisilotengenezwa kwa kanuni zake kuingia likishafikisha miaka 25, na sheria hiyo imepandisha sana bei ya Skyline GT-R na Supra zilizotunzwa. Kwa hiyo gari la mbio linalobaki kwa bei ya kumfikia mfanyabiashara wa bondeni, mara nyingi ni lile ambalo wengine wamelitazama wakaliacha.

Karatasi ya mnada husaidia kidogo. Gari la daraja la 4 au 4.5 lipo katika hali nzuri, na lenye alama ya R lilipata ajali likatengenezwa. Lakini karatasi hiyo hueleza zaidi bodi na chesisi. Haimwambii mnunuzi ringi za pistoni zimechoka kiasi gani.

Ushuru kabla ya funguo

Makosa mengi huanza pale mnunuzi anapochukua bei ya tangazo na kuiona ndiyo bei ya gari. Viwango vilivyotumika nchini miaka ya karibuni kwa gari la abiria ni ushuru wa forodha asilimia 25, ushuru wa bidhaa asilimia 5 kwa injini ya zaidi ya sisi 1,000 hadi 2,000 na asilimia 10 kwa injini inayozidi sisi 2,000, pamoja na kodi ya ongezeko la thamani asilimia 18. Gari lenye umri wa miaka 8 hadi 10 huongezewa ushuru wa uchakavu wa asilimia 15, na lililozidi miaka 10 asilimia 30.

Tuchukue gari la sisi 1,994 lenye zaidi ya miaka 10, ambalo thamani yake pamoja na nauli ya meli na bima hadi Dar es Salaam ni dola 5,000. Forodha ni dola 1,250, na thamani inafika dola 6,250. Ushuru wa bidhaa ni dola 312.50 na wa uchakavu dola 1,875. Asilimia 18 ya jumla hiyo ya dola 8,437.50 ni dola 1,518.75. Ukijumlisha yote, kodi ni dola 4,956.25, yaani karibu sawa na thamani ya gari lenyewe, kabla ya tozo ndogo ndogo, gharama za bandari, wakala na namba.

Isitoshe, Mamlaka ya Mapato hutumia mfumo wake wa kuthamini magari yaliyotumika. Aliyepata gari kwa bei ya kutupa Japan hatozwi kodi kwa bei hiyo ya kutupa. Mnunuzi mwenye busara hutafuta makadirio ya kodi ya gari husika kwanza, kwa mwaka, modeli na ukubwa wa injini, ndipo aagize.

Magonjwa ya kawaida

Kila gari la mbio lina ugonjwa wake unaojulikana, na mafundi wa dunia nzima huujua kwa jina. Mnunuzi ambaye hajauliza ugonjwa huo ananunua akiwa amefumba macho.

Subaru zenye injini ya EJ zina silinda zilizolala, mbili kila upande. Muundo huo hushusha uzito wa gari na kulifanya litulie konani, lakini una hedi mbili, gasketi mbili za hedi, na plagi zilizojificha ubavuni. Injini ya lita 2.5 isiyo na turbo inajulikana kwa kuvuja gasketi ya hedi. Dalili ni maji kupungua pasipo kuonekana yanakovujia, mapovu kwenye tangi la maji, na mshale wa joto kupanda gari likiwa kwenye mlima. Ile ya lita 2 yenye turbo hujulikana zaidi kwa pistoni kuvunjika kwenye kingo za ringi iwapo imeongezwa presha au imetumia mafuta hafifu.

Mkanda wa taimingi wa injini hizo hubadilishwa kwenye kilometa 100,000 hivi. Mkanda ukikatika, valvu hugonga pistoni na injini hufa papo hapo. Kwa kuwa odometa ya gari la mtumba inaweza kuwa imerudishwa nyuma, kanuni ya mafundi wazoefu ni moja: usipokuwa na ushahidi wa lini mkanda ulibadilishwa, ubadilishe siku ulipopokea gari, pamoja na wota pampu na roda zake.

Turbo yenyewe huzunguka kwa kasi kubwa sana huku ikipozwa na kulainishwa na oili ile ile ya injini. Mwenye gari anayechelewa kubadilisha oili, au anayezima injini ghafla baada ya kukimbia mwendo mrefu, huiacha oili ikauke ndani ya beringi za turbo. Moshi wa bluu na mlio wa kama filimbi ni taarifa kwamba fedha zinahitajika. Kwenye Skyline za miaka ya 1990, feni ya turbo upande wa moshi ilitengenezwa kwa seramiki, na presha ikiongezwa feni hiyo huweza kukatika.

Lancer Evolution ina mfumo wa difu ya nyuma unaogawa nguvu kati ya magurudumu mawili kwa pampu ya haidroliki. Pampu hiyo huoza kwa kutu, na ni miongoni mwa vipuri ghali vya gari hilo. BMW za miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000 zina tangi la maji na viungo vya plastiki ambavyo hupasuka kwa umri na joto. Fundi mwangalifu hubadilisha mfumo wote wa kupoza kwa mara moja, badala ya kungoja kipuri kimoja kimoja kilaze gari njiani.

Porsche 911 ya toleo la 996 na Boxster ya kwanza ndizo huonekana kwa bei ya chini kuliko ndugu zao. Sababu moja ni beringi ya shafti ya kati ndani ya injini, ambayo ikivunjika humwaga vyuma kwenye oili na mara nyingi injini nzima hupotea. Kwa Ferrari 348 na F355, injini hushushwa chini yote ili mkanda wa taimingi ubadilishwe, na kazi hiyo hufanywa kwa miaka hata kama gari halikutembea. Huko Ulaya gari la namna hiyo lililopitwa na huduma hiyo hushushwa bei kwa sababu muuzaji na mnunuzi wote wanajua deni lililofichika ndani yake.

Mafuta na barabara

Injini nyingi za turbo za Japan zilitegeshwa kwa petroli ya oktani 100 inayouzwa kwenye vituo vya nchi hiyo. Petroli ya kawaida ya vituo vya Tanzania haifiki kiwango hicho. Injini ikipewa mafuta hafifu chini ya mzigo mkubwa hugonga, yaani mchanganyiko huwaka kabla ya wakati wake, na mgongo huo ndio huvunja pistoni. Kompyuta ya gari hujitahidi kurudisha nyuma wakati wa kuwasha, lakini iwapo mwenye gari wa kwanza aliibadilisha kompyuta hiyo, kinga hiyo inaweza kuwa haipo tena.

Uchanganyaji wa petroli na mafuta ya taa ulikuwa tatizo kubwa kiasi kwamba EWURA ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010, na mwaka 2011 serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili kuua faida ya uchakachuaji. Corolla ilivumilia mchanganyiko huo kwa kutoa moshi na kukosa nguvu. Injini ya turbo haivumilii.

Kuhusu barabara, lami ni neema kubwa, lakini mfanyabiashara wa mpunga hakai kwenye lami. Mpunga uko mashambani, na njia za huko wakati wa masika ni tope, na wakati wa kiangazi ni vumbi na mashimo. Gari lililoshushwa springi hugonga sampu ya oili kwenye jiwe moja. Mdomo wa kuvuta hewa ulio chini mbele huweza kunyonya maji kwenye dimbwi, na maji yakiingia kwenye silinda hayagandamiziki kama hewa, hivyo konrodi hupinda. Vumbi nalo hujaza chujio la hewa mapema kuliko kitabu cha gari kinavyosema, na chujio la wazi la kuvutia macho, ambalo wengi huliona ni pambo la gari la mbio, hupitisha vumbi laini linalosaga ringi.

Magari yenye nguvu kwenye magurudumu yote manne yana sharti jingine ambalo wengi hulijua baada ya hasara. Tairi zote nne lazima ziwe na mzunguko sawa. Mwenye Impreza aliyepata pancha kubwa akafunga tairi moja mpya na kuacha tatu zilizokwisha, hulazimisha difu ya kati kufanya kazi muda wote hadi iungue. Akiba ya tairi tatu huja kulipwa kwa gia boksi.

Kisha kuna swali la kasi yenyewe. Kutoka Mang'ula hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilometa 350, na kati yake kuna vijiji vyenye mwendo wa kilometa 50 kwa saa, malori ya miwa, na hifadhi ya Mikumi ambako anayegonga mnyama hutozwa faini. Mnunuzi hulipia nguvu ambayo sheria, ng'ombe na tembo hawamruhusu kuitumia.

Fundi na spea

Mang'ula si mgeni wa vyuma. Wakati wa ujenzi wa reli ya TAZARA, kati ya 1970 na 1975, palikuwa na karakana kubwa hapa iliyokuja kuwa kiwanda cha mitambo, na bonde lina mafundi hodari wa trekta, Fuso na mashine za kukoboa. Lakini uhodari huo haumaanishi kila gereji ina kompyuta ya kusoma hitilafu za injini, wala spana ya kupimia nguvu ya kukaza boliti za hedi. Gasketi ya hedi iliyofungwa kwa makisio huvuja tena, na mwenye gari hulipa ufundi mara mbili.

Spea nyingi hutoka Dar es Salaam, hasa maduka ya Gerezani na Kariakoo. Spea za Subaru hupatikana. Za Evolution na Skyline huagizwa au hutolewa kwenye magari yaliyochinjwa. Za Porsche hulipiwa kwa fedha za kigeni, na mwenye gari hubeba hatari ya shilingi kushuka. Kwa mfanyabiashara, kila siku ambayo gari limekaa juu ya mawe likisubiri kifurushi ina gharama yake, kwa sababu siku hizo hukodi usafiri mwingine.

Mashindano ya Safari Rally yalitoa fundisho hilo zamani. Datsun 240Z, ambalo ni gari la mbio hasa, lilishinda Safari mwaka 1971 na 1973. Toyota Celica ilishinda 1990, 1992 na 1993, na Subaru Impreza ikashinda 1997 na 2000. Vijana wengi walizipenda Subaru kwa ushindi huo. Walichokisahau ni kwamba nyuma ya kila gari lililoshinda kulikuwa na magari ya huduma, mafundi waliolala njiani, na shokapu na gia boksi mpya zilizosubiri kufungwa. Gari lilistahimili barabara za Afrika Mashariki kwa sababu kulikuwa na bajeti nyuma yake.

Hesabu ya mwaka mmoja

Ili somo lieleweke, tuchukue mfano wa darasa. Mfanyabiashara ana mtaji wa shilingi milioni 30. Anaweza kununua gari la turbo kwa milioni 22, au gari dogo la kawaida la sisi 1,500 kwa milioni 14. Kila moja litatembea kilometa 15,000 kwa mwaka, na petroli ihesabiwe shilingi 3,000 kwa lita. Msomaji abadilishe tarakimu kwa bei za wiki yake, lakini mpangilio aufuate.

Gari la turbo, lita 12 kwa kilometa 100:
Petroli lita 1,800: shilingi 5,400,000
Oili na filta mara tatu: 525,000
Tairi, mgao wa mwaka: 500,000
Bima kubwa: 770,000
Akiba ya matengenezo, asilimia 10 ya bei: 2,200,000
Jumla ya fedha taslimu: 9,395,000
Kushuka thamani: 4,000,000
Jumla: 13,395,000

Gari dogo, lita 7 kwa kilometa 100:
Petroli lita 1,050: shilingi 3,150,000
Oili na filta mara tatu: 300,000
Tairi, mgao wa mwaka: 300,000
Bima kubwa: 490,000
Akiba ya matengenezo, asilimia 5 ya bei: 700,000
Jumla ya fedha taslimu: 4,940,000
Kushuka thamani: 1,500,000
Jumla: 6,440,000

Kwa kilometa moja, gari la turbo linamgharimu shilingi 893 na gari dogo shilingi 429. Hiyo bado si hesabu kamili. Milioni zilizolala ndani ya gari hazikununua mpunga. Kama mtaji wake huzunguka mara tatu kwa msimu na kila mzunguko hubakiza asilimia 8, basi milioni 22 zingeleta shilingi 5,280,000 na milioni 14 zingeleta 3,360,000. Ukiongeza faida hiyo iliyopotea, gari la turbo linafika shilingi 18,675,000 kwa mwaka, ambazo ni asilimia 85 hivi ya bei ya kulinunulia. Gari dogo linafika 9,800,000. Tofauti ni shilingi 8,875,000, na mwenye gari la turbo amebaki na mtaji wa milioni 8 wakati mwenzake ana milioni 16.

Jambo jingine linalohusu petroli ni kodi. Ada ya mwaka ya leseni ya gari ilifutwa katika bajeti ya 2017/18 na nafasi yake ikachukuliwa na nyongeza ya shilingi 40 kwenye kila lita ya mafuta. Tangu hapo gari linalokunywa zaidi ndilo linalochangia zaidi.

Pale gari linapokula ghala

Mfano wa mwisho ndio wenye uzito kwa wafanyabiashara wa bonde. Bei ya mpunga huwa chini wakati wa mavuno na hupanda kadiri ghala zinavyokauka kuelekea mwanzo wa mwaka. Anayeweza kungoja ndiye anayepata faida. Gari bovu humnyima mtu uwezo wa kungoja.

Tuseme mwenye gari la turbo hakuweka akiba ya matengenezo. Ana magunia ya mpunga ghalani, na mwezi Agosti turbo inakufa na kuharibu injini. Fundi anataka shilingi 3,600,000. Fedha taslimu hana, kwa hiyo anauza magunia 40 kwa shilingi 90,000 kila moja. Mwezi Januari gunia hilo hilo linauzwa shilingi 130,000. Amepoteza shilingi 40,000 kwa kila gunia, yaani shilingi 1,600,000. Kwenye risiti ya fundi ameandikiwa milioni 3.6, lakini injini ile imemgharimu milioni 5.2.

Hasara hiyo haionekani popote isipokuwa kwenye daftari la mwenye biashara, ndiyo maana wengi huamini kwamba mpunga ndio uliowaangusha. Akiba ya shilingi 2,200,000 katika hesabu ya juu isingelipa injini yote, lakini ingepunguza magunia ya kuuzwa mapema kutoka 40 hadi 16, kwa kuwa pungufu lingekuwa shilingi 1,400,000 tu.

Kabla ya kutoa fedha

Kwa anayeendelea kulitaka gari la mbio baada ya hesabu hizi, na wapo wenye uwezo huo, wazoefu wa biashara hiyo hushauri hatua zifuatazo.

Moja, mtaji wa biashara na fedha za gari zikae mifuko miwili. Gari linunuliwe kwa faida iliyokwisha kuvunwa, si kwa fedha zinazosubiri kununua mpunga.

Mbili, apendelee gari ambalo halijabadilishwa kitu. Ekzosi ya asili, chujio la hewa la asili na springi za asili ni ushahidi wa mwenye gari mtulivu.

Tatu, kama gari liko nchini tayari, alipime kabla ya kukubaliana bei. Injini iwashwe ikiwa ya baridi, si ile iliyokwisha kupashwa moto na muuzaji. Kompresheni ya kila silinda ipimwe na zisipishane sana. Kompyuta isomwe. Maji na oili vikaguliwe iwapo vimechanganyika. Tairi nne zilinganishwe. Gari lipandishwe juu na sampu itazamwe kama ina makovu.

Nne, aulize kwanza fundi na spea, kisha gari. Aende na majina matatu ya vipuri, kwa mfano turbo, gasketi za hedi na pampu ya difu, aulize bei na upatikanaji wake Gerezani. Kipuri kisichopatikana kwa wiki mbili ni onyo.

Tano, siku ya kupokea gari aweke kando fedha ya huduma ya kwanza: mkanda wa taimingi, wota pampu, oili zote, plagi, chujio na maji ya breki. Fedha hiyo ihesabiwe ndani ya bei ya kununulia.

Sita, kila mwezi aweke akiba ya matengenezo benki au kwenye SACCOS, akiiandika kama anavyoandika kodi ya ghala. Akiba ya shilingi 2,200,000 kwa mwaka ni kama shilingi 183,000 kwa mwezi. Asiyeweza kuitenga kiasi hicho gari likiwa zima hataweza kuipata likiwa bovu.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Msimu wa mavuno utakapofunguliwa tena Mang'ula, wanunuzi watapangwa na kiasi cha fedha walichonacho mkononi siku hiyo, na mwenye mpunga hatauliza nje limeegeshwa gari gani.